Joto Lisilo la Malaria

Mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulishambuliwa na wapiganaji tarehe 24 Machi 2021, siku ya Jumatano. Waliopata njia ya bahari walishukia Pemba, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, na wengi wakapokewa na jamaa zao wa Paquitequete, mtaa wa wavuvi wenye nyumba zilizobanana hadi karibu na maji. Miongoni mwao alikuwamo muuza samaki wakavu wa miaka 41, mama wa watoto watatu. Wadogo zake, akiwemo mwandishi wa makala haya, humwita Dada, na jina hilo litatosha hapa. Mwaka ule hedhi yake ilianza kuruka miezi. Mwaka uliofuata ikakatika.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nyumba moja ilikuwa na familia kadhaa, chakula kilikuwa cha kugawana, usingizi ulikuwa wa kushtuka, na wanawake wengine waliolala naye chumba kimoja hawakuwa wameona siku zao kwa muda mrefu. Wote walisema ni vita, na hawakukosea. Njaa na hofu ya muda mrefu huzima hedhi kweli. Ubongo ukiona mwili hauna akiba, hupunguza amri zinazokwenda kwenye ovari, na ovari hutulia mpaka chakula na amani virudi. Wenzake Dada walipoanza kupata mgao wa mchele na maharage, na waliopoteana na watoto wao wakawapata, walirudi katika hali zao mmoja baada ya mwingine. Yeye hakurudi.

Badala yake lilikuja joto.

Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likajaa usoni, na ndani ya dakika chache nguo zilikuwa zimelowa. Moyo ulimwenda mbio. Jasho lilipoanza kukauka, baridi ilimshika akajifunika kapulana mbili, yaani vitenge, katikati ya Desemba, mwezi ambao Pemba hulala madirisha wazi. Kwa mtu wa pwani ile, homa ya namna hiyo ya usiku, yenye jasho na baridi kwa zamu, ina jina moja tu. Akaenda kwenye kibanda cha dawa sokoni, akanunua dawa mseto ya malaria, vidonge 24 vya mtu mzima vya siku tatu, akavimaliza. Joto lilitulia kwa muda. Akasema dawa imefanya kazi. Liliporudi, akanunua tena.

Hapa ndipo wanawake wengi wa Palma, Mocímboa da Praia, Ibo na Mtwara wanapopotea njia, na si kwa ujinga. Malaria ipo mwaka mzima katika pwani hiyo, inaua, na kila mtu ameona mtu aliyechelewa kunywa dawa akazikwa. Kumeza kwanza na kuuliza baadaye kumeokoa wengi. Lakini joto la kukoma hedhi lina tabia ya kuja na kwenda lenyewe: wiki mbili kali, wiki moja shwari. Dawa yoyote iliyomezwa mwisho wa wiki kali itaonekana imeponya. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi, na kwenye vituo vya afya vya serikali ndicho kinachotangulia dawa. Dada alipopimwa hatimaye, hakuwa na malaria. Hakuna ajuaye kama aliwahi kuwa nayo katika miezi yote ile ya kumeza vidonge.

Kwa nini mwili unawaka bila ugonjwa? Katika ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili lisipande wala kushuka kupita kiasi. Sehemu hiyo imezoea kuishi na homoni ya estrojeni inayotoka kwenye ovari. Estrojeni ikipungua, mlinzi huyo anakuwa mwepesi wa kushtuka: joto likipanda kidogo mno, kwa kikombe cha chai au shuka moja ya ziada, anaamini mwili unaungua. Hufungua mishipa ya damu ya ngozi, huamuru jasho, na mwili unapopoa kupita inavyotakiwa, mtu anatetemeka. Mwili wenyewe hauna kidudu chochote. Kwa wanawake wengi duniani hali hii ya kukoma hedhi huja karibu na miaka 50. Ikija kabla ya miaka 45 madaktari huiita ya mapema, na kabla ya 40 wanaihesabu kuwa ni ovari kushindwa kazi kabla ya wakati, jambo linalotaka uchunguzi wake. Ya mapema humpata takriban mwanamke mmoja kati ya ishirini.

Dada hakuyajua hayo, wala mwandishi. Mama zao waliwaingiza unyagoni, na makungwi waliwafundisha kwa kirefu damu ya kwanza: namna ya kujisitiri, kujitwaharisha, kumheshimu mume, kujilinda. Damu ya mwisho haikutajwa kabisa. Mwanamke aliyemaliza alionekana tu kuwa amekuwa bibi. Anaingia msikitini siku yoyote, anafunga mwezi mzima. Ramadhani ya 2022, iliyoangukia Aprili, Dada alifunga siku zote bila deni hata moja la kulipa, na wazee wa nyumba wakampongeza. Alishukuru kwa adabu. Kisha akaenda uani kulia, kwa sababu alikuwa na miaka 42 na mumewe, aliyebaki upande wa Palma, alikuwa bado anazungumzia mtoto wa nne. Jirani mmoja akatia neno la uchawi. Mwingine akasema jini la bahari. Maneno ya aina hiyo huvunja ndoa haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na ndiyo sababu jambo hili linastahili kusemwa wazi, kwa miaka na kwa majina ya viungo.

Kikapu chake cha dawa kilijaa taratibu.

Kwanza ilikuwa parasetamoli. Alimeza kwa sababu kichwa kiliuma asubuhi baada ya usiku wa jasho, na kwa kichwa ilisaidia. Kwa joto haikufanya lolote, kwa sababu parasetamoli hushusha homa ya maradhi, na hii si homa. Hatari yake iko kwenye kuongeza: mtu mzima hapaswi kupita vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na anayechanganya na dawa ya mafua anaweza kupita bila kujua, maana nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ini ndilo linaloumia.

Halafu Piriton, kidonge kidogo cha mzio kinachojulikana pwani nzima kwa kuleta usingizi. Alilala. Siku iliyofuata aliamka mzito, mdomo mkavu, na hesabu za samaki zikimchanganya. Dawa za kundi hilo hukausha, na mwanamke ambaye tayari amekauka macho, mdomo na uke kwa kukosa estrojeni hana haja ya ukavu mwingine. Kwa usiku mmoja wa shida si dhambi. Kuzifanya desturi ya kila usiku ni kosa.

Ndugu wa Mtwara wakatuma kwa basi na boti chupa ya vidonge vya mzizi wa mmea wa Amerika Kaskazini uitwao black cohosh, vilivyonunuliwa Dar es Salaam kwa bei ambayo ingenunua gunia la mchele. Huu ni mmojawapo wa mimea maarufu katika maduka ya dunia kwa matatizo haya. Mwaka 2012 mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya majaribio 16 yenye wanawake 2,027, yakaona ushahidi hautoshi kusema unashinda kidonge kisicho na dawa. Kuna pia taarifa chache za watu walioumwa ini baada ya kuutumia. Dada anasema ulimsaidia kidogo mwezi wa kwanza. Anaweza kuwa anasema kweli kabisa. Katika majaribio ya dawa za joto hili, wanawake wanaopewa kidonge kitupu bila kujua huona joto likipungua sana, mara nyingine kwa zaidi ya nusu. Matumaini yana nguvu, na joto lenyewe hupungua kwa wakati wake. Ndiyo maana kila muuzaji ana wateja wa kumtolea ushahidi, na ndiyo maana ushahidi wa jirani pekee hauwezi kutosha.

Uwatu ulikuja kwa njia ya shangazi. Mbegu hizi, ambazo akina mama wa pwani huwapa waliojifungua ili maziwa yatoke, alizichemsha na kunywa kila asubuhi. Kwa joto, majaribio yaliyofanywa ni madogo na hayajengi hoja. Lakini uwatu hushusha sukari ya damu, na mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au insulini anaweza kuanguka. Soya ina hadithi nzuri zaidi kidogo: ina vitu vinavyofanana na estrojeni kwa umbo, na baadhi ya tafiti zimeona joto likipungua kiasi baada ya majuma mengi, huku nyingine zikikosa tofauti. Ikiwa chakula, haina ubaya, na maharage ya soya kwenye mboga ni nafuu kuliko vidonge vya soya kwenye chupa.

Hakuna kati ya hivyo kilichomdhuru sana. Kilichomdhuru ni muda. Alikaa karibu miaka miwili akihama kutoka dawa moja hadi nyingine huku mifupa ikipoteza madini kimya kimya, na jambo hilo hakuna mwenye kibanda aliyelijua.

Alirudi Palma watu walipoanza kurudi. Kaskazini ya mkoa ilikuwa bado haijapona: hospitali ya wilaya ya Mocímboa da Praia iliharibiwa wakati mji ulipokuwa mikononi mwa wapiganaji, kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, na vituo vingi vya vijijini vilibaki kuta tupu. Katika hali hiyo mtu hawezi kulaumiwa kwa kununua dawa sokoni. Soko ndilo lililokuwa wazi. Lakini muuguzi wa afya ya mama na mtoto aliyemkuta, mwanamke wa makamo, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Alimuuliza umri, akamuuliza siku ya mwisho ya hedhi, na akakaa kimya kusikiliza jibu lote.

Kisha akaenda kwa mpangilio. Kipimo cha mimba, kwa sababu hedhi iliyopotea ni mimba mpaka ithibitike vinginevyo, hata kwa mwenye miaka 43. Malaria. Virusi vya UKIMWI. Maswali ya kikohozi cha wiki mbili na kupungua uzito, kwa sababu jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu pia, na mwanamke akiambiwa ni umri tu ilhali ana kifua kikuu anaweza kufa na kuambukiza watoto wake. Shinikizo la damu. Akauliza kama anatumia sindano ya uzazi wa mpango, maana nayo hukatisha hedhi bila ovari kuharibika. Yote yakawa sawa. Akampa barua ya kwenda Pemba kupimwa homoni iitwayo FSH.

Kipimo hiki kinastahili kueleweka na kila mwanamke wa sehemu zenye vita, kwa sababu ndicho kinachotenganisha njaa na ovari. FSH ni amri ya ubongo kwa ovari. Mwanamke ambaye hedhi yake imezimwa na njaa au hofu, ubongo wake umepunguza amri, kwa hiyo FSH iko chini au ya kawaida. Mwanamke ambaye ovari zake zimechoka, ubongo unaita kwa sauti kubwa na hauitikiwi, kwa hiyo FSH iko juu, na madaktari wengi hurudia kipimo baada ya wiki kama nne hadi sita kabla ya kutoa hukumu. Ya Dada ilikuwa juu mara zote mbili. Vita haikuwa imemwibia hedhi yake. Huenda ingekatika hata kama angebaki barazani kwake akianika samaki.

Daktari wa Pemba akataka kujua habari za mama yake. Akapigiwa simu palepale. Mama akasita, kwa sababu hayo si maneno ya simu wala ya kuambiwa mtoto, halafu akasema zake zilikoma wakati kitindamimba akiwa ndiyo kwanza anatambaa. Ukipiga hesabu, alikuwa na miaka 42. Hali hii hurithiwa katika familia nyingi, ingawa pia hutokana na kuondolewa ovari, matibabu ya saratani au maradhi ya kinga ya mwili, na uvutaji wa sigara huiharakisha. Neno moja la mama, lililosemwa miaka kumi kabla, lingeokoa vidonge vingi vya malaria.

Matibabu yenyewe hayauzwi kibandani, na hapa ndipo lilipo shina la kisa hiki. Mwanamke anayekoma hedhi mapema hukosa estrojeni miaka mingi kabla ya wenzake, na estrojeni hulinda mifupa na mishipa ya moyo. Akiachwa hivyo, hatari ya mifupa kuvunjika na ya maradhi ya moyo hupanda. Kwa hiyo miongozo ya Ulaya na Uingereza inashauri arudishiwe homoni hadi karibu na umri wa kawaida wa kukoma, yaani miaka 50 hivi, isipokuwa kama ana sababu ya kuzikataa, kwa mfano saratani ya titi. Wengine hupewa vidonge vya majira vyenye homoni mbili, vilevile vinavyotolewa kwenye uzazi wa mpango, ikiwa shinikizo la damu ni zuri, hawavuti sigara na hawajawahi kupata damu kuganda. Mwenye kizazi hapewi estrojeni ya mwili mzima peke yake, kwa sababu huunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Lazima iandamane na homoni ya pili. Ndiyo sababu anayeuziwa estrojeni kwa mkono, bila maswali, anauziwa hatari.

Watu wengi wamesikia kwamba homoni huleta saratani. Hofu hiyo ilienea kwa nguvu Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa kabla ya wakati. Wanawake wa utafiti ule walikuwa wa miaka 50 hadi 79, wastani miaka 63. Kuyabeba matokeo yao na kumtwisha mwanamke wa miaka 42, ambaye anarudishiwa kile ambacho mwili wake ulipaswa kuwa nacho bado, ni kumdhulumu.

Hata Uingereza, ambako mwaka 2022 kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni kiitwacho Gina kiliruhusiwa kuuzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari, ruhusa ilihusu wenye miaka 50 kwenda juu waliokaa mwaka mzima bila hedhi. Aliye chini ya hapo huelekezwa kwa daktari. Nchi yenye maduka ya dawa kila kona imeona kwamba mwanamke wa umri wa Dada hapaswi kujitibu kaunta.

Leo Dada ana miaka inayokaribia hamsini. Joto lilipungua majuma machache baada ya kuanza vidonge vya homoni, na usingizi ulirudi. Kikapu chake bado kina vitu vya dukani, ila sasa anajua kila kimoja kinafanya nini. Ana kilainishi cha uke chenye asili ya maji, kisichoharibu kondomu. Mafuta ya nazi na Vaseline yanafaa ngozi, lakini hupasua mpira. Ana vidonge vya kalsiamu kwa siku ambazo samaki wadogo wa kula na mifupa yao hawapatikani, maana mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Anapaka usoni jioni msiro, urembo wa mti uliosagwa, kama wanawake wengi wa pwani ile, na ubaridi wake unampendeza. Analala na kapulana ya pamba badala ya nailoni, maji kando, na chandarua kimeshushwa. Joto likimjia hujipepea akiwa ndani ya chandarua, kwa sababu mbu wa Palma hawajui kukoma hedhi.

Kwa wanaotumia dawa za VVU zenye dolutegravir, kalsiamu na madini ya chuma vina sharti: vimezwe pamoja na dawa hiyo wakati wa chakula, au dawa itangulie saa mbili kabla ya madini, au ifuate saa sita baada yake. Vikikutana tumbo tupu, dawa haifyonzwi ipasavyo. Muuzaji wa sokoni hataliuliza hilo, kwa hiyo mnunuzi alijue mwenyewe. Na aliye chini ya miaka 50 asiyetaka mimba aendelee kujikinga miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, maana ovari zilizochoka huamka siku moja bila taarifa. Damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima wa ukavu, kwa asiyetumia homoni, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwenu akina mama mliokoma mapema: waambieni binti zenu mlikoma mkiwa na umri gani. Nanyi makungwi, liongezeni somo hilo unyagoni. Na wewe uliye chini ya miaka 45, ambaye umekaa miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, usinunue tena dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Nenda kituo cha afya, taja umri wako na siku ya mwisho, na uombe wakuandikie kipimo cha FSH.